Radi Iliyopita kwenye Waya wa Idrisa

Kasulu, Kigoma

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nipe kwanza hali yako. Mguu umekubali kukunjika kwenye sijida, au bado unasali umekaa kitini? Na huyo Saumu anayekusomea, mwambie asome polepole, asiruke mahali pa kulia akidhani anakuhurumia. Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Simu imenishinda, Mama. Wewe unaita "halo, halo, sikusikii," na mimi kizuka, nimo edani, nimezungukwa na watu, najizuia nisipige ukelele. Nikaona afadhali kalamu.

Mlipata habari kwamba Idrisa amefariki kwa radi. Hamkupata yaliyofuata, na hayo ndiyo yaliyonikalisha kuandika, kwa sababu kuna mtu mwingine anaweza kufa kwa radi hiyohiyo.

Unakumbuka mkweo alivyokuwa na maradhi ya redio kuukuu. Si hizi za betri mbili alizokuwa akiuza dukani kwake, la. Zile za zamani, sanduku la mbao, ndani zina chupa ndogo za kioo wanaziita valvu. Ukiwasha hazisemi kitu, zinakaa zikipata moto mpaka ziwe nyekundu kama kaa la mkaa, ndipo sauti inatoka. Hapa hakuna wa kumfundisha, akajifundisha kwenye simu. Wapo watu mtandaoni, wazee wengi wao, Ulaya na wapi, hawana kazi ila redio hizo. Wameweka michoro, wameweka picha, ukikwama unauliza na mtu anakujibu. Kiingereza cha Idrisa unakijua, kilikuwa cha kuombea maji. Simu ndiyo ilimfasiria. Alikuwa na rafiki mmoja, mzee wa Uholanzi anaitwa Henki, aliwahi hata kumtumia valvu kwa posta, imefungwa kwenye soksi. Nikimwita aje kula, ananiambia, "Ngoja, Henki anajibu." Nami namwambia, "Basi huyo Henki ndiye mke mwenzangu, akupikie." Tulicheka sana nyumba hii, Mama.

Sasa yupo bibi mmoja Mha, mwenyeji wa huku, jirani yetu wa bondeni, anaitwa Bibi Sesilia. Mjane, Mkatoliki, hana mtoto aliye hai. Marehemu mumewe alikuwa katekista, na padri mmoja wa zamani alimwachia redio ya namna hiyo. Ilikuwa bubu miaka na miaka, bibi ameifunika kitambaa kama mtoto aliyelala. Aliposikia mume wangu anazijua, akaileta juu ya kichwa. Idrisa alifurahi kuliko siku ya harusi yetu. Akatengeneza kidogo kidogo, mpaka valvu zikawaka. Watu walikuja kuchungulia ule wekundu. Wengine wakacheka, wengine wakasema, "Mh, hilo dude lina moto wake."

Ila sauti ilikuwa mbali. Kwenye ukurasa wa hao wazee imeandikwa uvute waya mrefu, juu kadiri uwezavyo. Idrisa akavuta kutoka paa la duka mpaka kwenye mkaratusi wa nyuma. Wala hakuwa mzembe. Alisoma mpaka mwisho walipoandika habari ya radi, akafukia chuma ardhini ili radi ikipiga iishie huko, na kila wingu likijikunja juu yetu alichomoa waya kwenye redio akaufunga kwenye kile chuma. Hatukuwahi kumkumbusha.

Siku aliyofariki ilikuwa Ijumaa, katoka kusali. Jua linawaka, nimeanika kunde uani. Ngurumo ikasikika huko kwa mbali, milima ya Muyama. Nikamwambia, "Baba Zuhura, inanguruma." Akasema, "Hiyo ni ya Muyama, Mama Zuhura, huku jua." Akaushika waya ili auchomeke kwenye redio. Sikusikia mlio, Mama. Niliona weupe tu. Nilipofumbua macho mkaratusi umepasuka, sanduku la redio limefumuka, na yeye amelala ubavu kama mtu aliyechoka. Kunde zangu hazikupata hata tone la mvua.

Na hilo ndilo lililomponza Bibi Sesilia. Huku radi ni nyingi, inaua watu na ng'ombe, na watu wanaogopa. Radi ya mvua wanasema ya Mungu. Radi ya jua, hiyo imetumwa. Wanaiita *inkuba*. Mazishini bibi alikuja na kikapu cha maharage, analia, na nyuma yangu nikasikia, "Kaja kuitazama kazi yake." Mwingine akasema inkuba aliileta mwenyewe kichwani, imo ndani ya sanduku, si tuliiona nyekundu? Shemeji yangu Rajabu, mdogo wake Idrisa, hakuwanyamazisha. Kabla hatujamaliza hitima, vijana walikwenda wakaezua nyumba ya bibi. Mwenyekiti wa mtaa akawahi kabla hawajamgusa mwenyewe, akaitisha mkutano kesho yake.

Nami nimo edani, Mama. Nimejifungia, nimevaa vazi langu, natakiwa nitulie nimuombee mume wangu. Nikatuma mtu kwa shehe wetu kumuuliza kama naweza kwenda mkutanoni. Akajibu kwamba roho ya mtu ni dharura: nitoke mchana, nirudi nilale kwangu.

Kabla ya kutoka nilichukua simu ya marehemu. Nikawaandikia wale wazee Kiswahili kitupu, simu ikageuza: mimi mke wa Idrisa, amekufa kwa radi, jua lilikuwa linawaka, hapa wanasema mama mmoja ameituma, niambieni ninyi mnaojua. Mama, walijibu kama watu wa mtaa mmoja. Pole juu ya pole. Henki akaeleza kwamba radi inaweza kuliacha wingu lake, ikatembea upande upande mbali sana, ikashuka penye jua, na kwamba ukisikia ngurumo hata ndogo, umeshachelewa kushika waya. Akamalizia: huyo mama hana kosa. Na yale maneno ya radi yaliyokuwa chini ya ukurasa, yeye ndiye aliyeyaandika. Ameyapandisha juu kabisa, na jina la Idrisa ameliweka hapo, ili atafutaye waya akutane naye kwanza.

Nikaenda mkutanoni na simu, nikaenda na kipande cha waya kilichoyeyuka. Waliponiona na vazi la eda wakanipisha njia. Nikawasomea. Mzee mmoja akauliza, "Mzungu anajua nini cha inkuba ya Buha?" Watu wakacheka. Kijana mwingine, "Muulize kwao wachawi wanafukuzwa kwa bando la bei gani!" Wakacheka zaidi. Nikauinua ule waya, nikasema, "Aliyekufa ni wangu. Mimi ndiye niliyekuwa uani. Radi imepita hapa, na mume wangu ameushika mwenyewe, na mimi nilimwambia inanguruma. Mkimuua huyu bibi, msiseme mmemlipizia kisasi Idrisa." Hawakucheka tena. Lakini sidhani wameamini, Mama. Wamenionea haya tu.

Mwenyekiti akaamua bibi asiguswe, ila asirudi bondeni, "kwa usalama." Basi aende wapi? Hakusema. Nikamshika mkono nikaja naye kwangu. Rajabu akanifuata mpaka mlangoni. "Shemeji, umetoka eda kumtetea aliyemla kaka yangu. Eda ikiisha, mtoke wote wawili." Nilimjibu, "Inshallah," nikafunga mlango.

Kwa hiyo nakuomba, Mama. Eda ikiisha nitakuja, na sitakuja peke yangu. Mtandikie bibi karibu na dirisha, hapendi giza. Anakula chochote, na rozari yake isiwaudhi, yeye hasemi lolote mimi nikisali. Tatizo ni kufika huko salama. Mvua ndiyo zimeanza, na huku kila mtu anasema, ikipiga tena ikaua, watajua pa kwenda.

Nisalimie Saumu dada yangu na mumewe mvuvi, mjomba seremala, na shangazi wa pale kisimani, mwambie kanga zake zimenifaa msibani. Zuhura mjukuu wako yupo bweni, analia usiku lakini anasoma. Mumuombee Idrisa.

Mama, nilikuwa nataka kumaliza hapo, ila wingu limejikunja, limenguruma sasa hivi, na Bibi Sesilia kainuka katoka. Ndivyo anavyofanya kila ikinguruma. Anakwenda kusimama uani peupe, mikono ameiinua mitupu, ili majirani wamuone hafanyi kitu. Jana nilimwambia, "Bibi, ingia ndani, radi haichagui." Akanijibu, "*Mawe!*" (ndivyo Waha wanavyomwita mama wakishtuka) "Mwanangu, radi nimezaliwa nayo. Watu ndio siwawezi."

Naacha kalamu, nakwenda kusimama naye.

Ni mimi mwanao,
Mwanahamisi, mjane wa Idrisa