Ajenda ya Bwana ao Kaye ya Binti

Mama Agar,

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tano nilikosa ubatizo wa binti yangu Bénie. Alizamishwa mu mto, akatoka maji ikimujaa macho, akatafuta mama yake pa kando, na mwenye alimufunika kitenge ni jirani. Miye nilikuwa mu muji wa Beni na gato, keki ya ndoa, juu ya magoti. Mpendwa mushauri, unisaidie, na usinicheke.

Miye ni mupishi wa magato hapa Butembo. Nilianza na sufuria moja ya mandazi kando ya barabara, hakuna mutu alinishika mukono, leo niko na furu mbili za kuokea na ba client mpaka Musienene. Hesabu haininyimaka usingizi: uniambie batu ya karamu, nitakuambia mayai bila kushika kalamu. Mais siku njo zinanikimbiaka.

Donc bwana yangu Laurent, mwalimu mwenye serikali ilimutuma kufundisha Beni, aliniletea ajenda ya kununua, ngozi nyeusi, jina yangu juu kwa rangi ya zahabu, na ni muzuri, sikatai, mais uangalie vile imepangwa: Jumatatu mpaka Ijumaa kila siku ukurasa muzima, Jumamosi nusu, na Jumapili kanafasi kadogo pale chini, kama mugeni mwenye alikuja kwa karamu bila kualikwa. Mwenye alichapa ile ajenda, Jumapili analalaka. Huku kwetu njo siku ya ibada, ya kwaya, ya ubatizo, ya kupokea bageni. Niliandika "Bénie, mto" kwa penseli mu kale kanafasi, kisha ndoa ya Beni ikakuja, gato ya Jumamosi, ingine ya Jumapili kwa bazazi, adresi, gari, maandishi ikashuka, ikamufunika mutoto wangu.

Bénie hakunigombeza. Alinunua kaye, daftari ya kurasa tupu, akachora siku kwa rula. "Mama, huku unajipangia weye mwenyewe. Nukta ni kazi, duara ni mukutano, ukimaliza unatia musalaba. Na Jumapili nimeipatia ukurasa yake."

Nilipomuambia Laurent ile kaye kwa telefone: "Kumbe zawadi yangu itafungia mandazi?" Anacheka, mais ninamujua, imemuuma.

Sasa ninaandika kwa zote mbili, yeyote asikasirike, na ni mubaya zaidi. Jumapili ya mwisho wa huu mwezi, kaye inasema Bénie ataimba peke yake mbele ya kanisa, mara ya kwanza. Ajenda inasema ndoa kule Beni, na acompte, ile feza ya mbele, nimekwisha kuila.

Sitaki mahubiri, ninasikiaka ya kutosha. Ajenda ao kaye? Unijibu mbele ya Ijumaa saa sita ya muchana, sababu njo saa ninaagizaka mayai.

Gracieuse, Butembo


Mama Gracieuse,

Pole. Kile kitenge cha jirani, hata miye kimeniuma.

Kaye. Uliomba neno moja, njo hilo. Mais usifurahi haraka. Jumapili ya ajenda ni kadogo, nakubali. Nani aliandika client kwa bic, wino isiyofutika, na mutoto kwa penseli? Ajenda haikukushika mukono. Bénie haletaka acompte, hapigaka kelele, donc ulimuandika kwa kitu cha kufutika. Ukiendelea vile, hata umupatie kaye muzima, ndoa ya Beni itamufunika tena.

Ufanye hivi. Siku zote zikae mu kaye, kwa bic. Batu ba nyumba baandikwe kwanza, ba client bajaze nafasi yenye inabakia. Na ile ajenda usiifiche mu kabati, Laurent hakukosa kitu, alitaka tu kukuona umepumzika. Uandike mule mapishi yako: gato ya nani, sukari gani, rangi gani. Tarehe hapana. Kila asubui utaifungua na mikono ya unga. Akikuja nyumbani akute ngozi yake imejaa siagi, utaona kama atanuna. Mais umuambie kwanza, kwa mudomo wako, asiikute tu pa meza ya jikoni.

Juu ya ile ndoa: uko na bwana kule Beni, mwenye miguu na mikono, na unabeba gato juu ya magoti? Itumwe Jumamosi, Laurent aipokee, aifikishe kwa bibi arusi, kisha yeye mwenyewe apande gari ya Butembo, naye amusikie Bénie. Anapendaka mambo yenye kupangwa, umupatie hii apange. Kama bibi arusi anakataa, urudishe acompte yake. Uliijenga ile kazi na sufuria moja, haitabomoka sababu ya gato moja.

Ulinipatia mpaka Ijumaa saa sita, nimekujibu leo. Sasa ni zamu yako. Bénie ataangalia mabenchi yote mbele ya kufungua kinywa, vile aliangalia kando ya mto. Utakuwa pale, ao utakuwa Beni? Usiniandikie miye. Umujibu yeye, ndiyo ao hapana, Ijumaa mbele ya saa sita, na mayai ingojee.

Mama Agar