Matanga Yasiyoanuliwa

Mama yangu uliyetangulia,

Jumamosi hii, kule Columbus, katika ukumbi ule wa chini ya kanisa pale Linden, wanataka kumfanya baba mwenyekiti wa Umoja wetu mpaka afe. Mume wako. Baba yangu mzazi. Na wanasema wanafanya hivyo kwa heshima yako. Wiki nzima nimeshika kichwa, sili, na kazini wazee ninaowahudumia wameanza kuniuliza mimi kama naumwa. Nani mwingine nimwandikie? Wewe ndiye uliyenifundisha mambo ya Roma, na bila hayo ningekuwa napiga makofi na wenzangu.

Unakumbuka jikoni kwetu Louisville? Ulikuwa unarudi kutoka kupanga maboksi ghalani, miguu imevimba, wewe uliyefundisha historia Uvira miaka kumi na minne. Unamwaga maharagwe kwenye sinia tuyachambue, na darasa linaanza. Wanafunzi wako tulikuwa mimi na maharagwe. Warumi walimfukuza mfalme, ulisema, wakaapa hawatakuwa na mwingine. Badala yake wakachagua wakuu wawili, makonsuli, kwa mwaka mmoja tu, na kila mmoja aliweza kumzuia mwenzake. Hatari ikizidi, walimpa mtu mmoja madaraka yote, lakini si zaidi ya miezi sita, kisha arudi nyumbani kwake kama watu wengine. Nilikujibu kwa Kiingereza kwamba hakuna anayejali serikali ya watu waliokufa. Ukanirushia harage. "Bale balikufa njo banajali zaidi," ukasema, na tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kwa hiyo Wakongo wa Louisville, Columbus na Buffalo walipotaka kuungana, wapokeane uwanja wa ndege na wazikane, katiba uliiandika wewe, kwenye daftari langu la shule. Wenyeviti wawili, kutoka miji tofauti, mwaka mmoja, na hakuna kurudia. Wanaume walikucheka. Papa Asifiwe wa Columbus alisimama akasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Wewe hata hukuacha kumenya ndizi. "Bon, njo maana kila mwaka tunabatosha mu zizi," ukamjibu, tunawatoa wote wawili. Alicheka kuliko wote, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kutia sahihi.

Kisha ukafa. Baba alikuwa mmoja wa wenyeviti, na mwaka wake ulibaki wiki mbili. Mwenzake alikuwa huyo huyo Papa Asifiwe. Kikao cha uchaguzi kilipofika, baba alikaa mbele na kitambaa cheusi mkononi, macho mekundu, na hakuna aliyeweza kumtazama. Unawajua watu wetu. Mtu mwenye msiba hapingwi. Hata mwenye ugomvi naye anasubiri. Papa Asifiwe alifungua daftari lako, akalifunga. "Nani atapiga kura ya kutosha mutu iko mu kilio?" akauliza, na kweli hakuna aliyetaka kumwondoa mfiwa kitini.

Aliyesimama ni mimi, mama. Mimi, mwandishi wa Umoja. Nilisema baba abaki mpaka tuanue matanga. Watu wakaitikia amina, nikaandika maneno yangu mwenyewe kwa mkono wangu mwenyewe. Nilidhani ni siku arobaini. Hata Warumi waliweka miezi sita. Mimi sikuweka hata siku moja, maana nilikuwa nalia na niliona kuweka tarehe ni kukukosea adabu.

Sasa majira ya baridi ya nne yanaingia na matanga yako hayajaanuliwa. Kwanza baba alisema tungoje jiwe la kaburi. Jiwe likaja. Akasema tumngoje kaka yako kutoka Uvira, na kaka yako hata pasi ya kusafiria hana. Halafu ilikuwa baridi, halafu Ramadhani ya majirani, halafu sijui nini. Papa Asifiwe, aliyebaki naye, alichoka, akajiuzulu, na kiti chake hakuna aliyekikalia. Baba bado anavaa kitambaa kile. Kila kikao picha yako iko mezani na ua la plastiki, na kila mtu akitaka kuuliza jambo anaitazama picha kwanza, kisha anakaa.

Nikukumbushe zile Krismasi. Mchungaji akifika pale anapotajwa Kaisari Augusto, ulikuwa unanichoma kiwiko. "Huyu," unaninong'oneza, "alikuwa mwizi mwenye adabu." Ulinieleza tukirudi nyumbani. Hakujiita mfalme. Aliingia katika baraza la wazee akasema anarudisha madaraka yote, amechoka, na wazee wakamlilia abaki. Makonsuli waliendelea kuchaguliwa, baraza likaendelea kukaa, kila kitu kilikuwa na jina lake la zamani. Nilikuuliza kama wazee wale walikuwa wajinga. Ulisema hapana, walikuwa wamechoka kuzikana.

Mwaka jana baba aliweka funguo za ukumbi mezani. Akasema, "Munipumuzishe." Akina mama walilia kwa sauti. Wengine walipiga magoti, mama, wakamrudishia funguo mkononi. Na mimi nilikuwa naandika.

Ungeniambia ni mambo ya watu wazima kutaniana na vyeo. Siyo. Baba Riziki wa Lackawanna, hapa jirani na Buffalo, yule anayetengeneza milango ya magari, aliuliza kwenye kundi letu la simu uchaguzi ni lini. Aliuliza tu. Jina lake likatolewa kwenye orodha ya wanachama. Mwezi uliopita mama yake akafariki, bibi wa watu, aliyevuka Ziwa Tanganyika na wajukuu watatu. Neno likapita kwamba hawa si wetu tena. Kaburini tulikuwa watu sita, na wawili ni wachimbaji. Nilibeba sufuria ya sombe ya majani ya muhogo nikagonga mlango wao. Baba Riziki hakunifukuza. Alipokea sufuria, akasema, "Merci, secrétaire." Aliniita mwandishi, hakuniita mwanangu kama zamani. Nililia ndani ya gari mpaka vioo vikaingia ukungu.

Nilimpigia baba simu Louisville.

"Baba, mwaka umeisha mara nne," nikamwambia.

"Kilio ya mama yako ingali, na weye unawaza kura?"

"Basi tuanue matanga."

Nikasikia televisheni yake. "Mimi sikuomba hii kazi," akasema. "Batu banalia nibakie. Donc, ya Jumamosi, andika tu sasa: bote balikubali."

"Hawajakaa bado, baba."

"Balishakubali."

Sijui, mama, kama bado anakulilia au anakutumia. Nadhani naye hajui. Anapika wali wa watu wawili mpaka leo, nimeuona mwenyewe. Nampenda, na namwogopa, na sikuwahi kufikiri vitu hivyo viwili vitakaa kwangu pamoja.

Lakini kuna jambo amelisahau, au anadhani sitathubutu. Kwetu matanga hayaanuliwi na mwenyekiti. Yanaisha nguo za marehemu zikigawiwa, na anayezigawa ni binti wa kwanza. Sanduku lako liko hapa Buffalo, chini ya kitanda changu, Lower West Side. Alinikabidhi yeye mwenyewe siku tuliyokuzika. Ningeweza kulifungua miaka mitatu iliyopita.

Sikulifungua, na niseme ukweli kwa nini. Kila Jumapili nalivuta, nainua kifuniko kidogo tu, kitenge cha bluu kiko juu na bado kina harufu ya mafuta yako ya nywele. Nafunga haraka isiishe. Baba amekaa na kiti chake, mimi nimekaa na sanduku langu. Watu wa Lackawanna wamezika peke yao kwa sababu yetu sote wawili.

Jumamosi, kabla kikao hakijafunguliwa, nitaliweka mezani mbele ya picha yako na kuita akina mama kwa majina wagawiwe nguo, kwanza Mama Riziki, mke wa Baba Riziki. Nimeshamwomba aje. Alisema atafikiria. Labda watavuta mikono wasipokee. Labda baba atanitoa nje mbele ya watu wote na sitakuwa tena na mzazi hata mmoja. Naogopa.

Jana nilizitoa nguo zote nikazikunja upya, ishirini na tatu. Kile cha bluu nilikiweka kando, chini ya mto wangu. Leo asubuhi nimekirudisha sandukuni. Kikibaki kwangu kimoja tu, baba atasema matanga bado, na atakuwa amesema kweli.

Kwa hiyo nenda, mama. Nakuachia mkono, nisamehe sana.

Kifungua mimba wako,
Buffalo