Ngozi ya Subira

Kabambare, 4 Machi 1953

Baba yangu mupenzi,

Salamu nyingi. Muko wazima? Pumu ya mama imetulia? Mimi na bwana yangu Assumani tuko wazima, lakini mujukuu wenu Subira ananiliza. Ngozi ya viwiko na ya nyuma ya magoti imepasuka, inatoa maji, anajikuna mpaka damu. Mama mukwe anamusugua kila asubuhi kwa sabuni ya majivu na gunzi la muhindi, eti uchafu utoke. Anamupenda, ndiyo maana nashindwa kumukataza.

Juzi muganga wa Leta, yule wa serikali, alipita kuhesabu watu. Alisimama mulangoni, hakumugusa mutoto hata kwa kidole, akaandika: ukoma. Mwisho wa mwezi kamio, gari yao kubwa, itamupeleka kambi ya wakoma. Peke yake! Iko na miaka mitatu, Baba.

Mutoto wako,
Mwamvita

Kasongo, 13 Machi 1953

Mwanangu Mwamvita,

Mama anakohoa kidogo tu, anakusalimia. Mimi nawaka. Ukoma gani unawasha hivyo? Utotoni nilikuwa na ngozi hiyo hiyo. Mutoto ameirithi kwetu, hakuambukizwa na mutu. Mwenye ukoma hasikii kitu penye doa. Mufunge Subira macho, umupitishie unyoya wa kuku. Akicheka, si ukoma. Unyoya tu! Yule bwana mukubwa alikosa kuku?

Na umwambie mama mukwe, kwa heshima, aweke gunzi chini. Sabuni ile inakula ngozi. Maji ya vuguvugu yanatosha. Umupanguse polepole, na ngozi ingali na unyevu umupake mafuta meupe ya kokwa za ngazi, tunda la muchikichi. Umukate kucha. Umuvalishe nguo laini, jasho lisimuchome. Nimemushonea gauni mbili za pamba. Nimeomba karatasi ya njia, maana bila hiyo anayesafiri anafungwa, nizilete mwenyewe. Karani anasema nirudi juma ijayo. Juma ijayo!

Baba yako,
Sumaili

Kabambare, 25 Machi 1953

Baba,

Hamujambo? Subira alicheka, akaninyang'anya na unyoya! Mama mukwe aliona, akalia, akatupa gunzi motoni. Tangu tuanze mafuta, ngozi haitoi maji tena.

Nikamupeleka kwa muganga. Akasema jina likiingia kitabuni, ni Daktari wa Kasongo peke yake anaweza kulifuta. Nikaomba karatasi ya njia. Akasema mwenye ukoma hapewi karatasi. Umesikia mambo hayo? Kamio inakuja Jumamosi. Assumani iko kazini Salamabila, siwezi kumungoja. Mama mukwe ananifungia muhogo wa njiani. Natoka na mutoto mugongoni, bila karatasi.

Mutoto wako,
Mwamvita

Kasongo, 2 Aprili 1953

Mwamvita mwanangu,

Uko muzima? Unakula? Kutoka kwangu mpaka hapo gerezani ni hatua mia tano, na nakuandikia barua sababu wamenikataza kukuona. Kifungo cha siku kumi, kwa kutembea na mutoto mugonjwa bila karatasi! Wangekuacha basi uingie kwa Daktari kwanza, lakini wapi, wakakukamata mulangoni pake.

Nilimuingiza Subira mimi. Daktari alimugusa doa kwa doa. Si ukoma, amefuta jina. Anasema tuendelee na mafuta. Ngozi hiyo hutulia, hurudi, tusiogope. Nikamuuliza, na mama yake? Akasema hayo si mambo ya hospitali.

Subira anakula na sisi sinia moja. Leo ameniuliza kama ukoma umekushika wewe. Nikasema hapana, mama iko muzima. Akauliza: "Sasa wamemufungia nini?"

Baba yako,
Sumaili