Nyama Inafika, Watu Hawaji

Buchari ya Abdilatif,
Kinoru, Meru.
16 Novemba 2025

Mpendwa dada Jamilah,

Nakusalimu mimi Swaib, fundi wa kompyuta asiye na mwenzake kutoka Laare mpaka Siakago, na hapo nimejipunguza ili watu wa Nairobi wasikasirike. Natumai u mzima na joto la Doha halijakugeuza mshikaki. Mimi mwili hauna neno. Nina shida moja tu, ya kumrudisha baba nyumbani, na nitaifikia.

Wewe uliyesoma chuo mpaka ukavaa miwani, sikiza huyu aliyeishia kidato cha pili. Nimeunda programu ya kuagiza nyama yetu. Nimetumia vifaa huria, vile vya bure ambavyo kila mtu anaruhusiwa kuchungulia ndani. Msimbo niliandika mmoja tu, nao unafunguka kwa Android, kwa aifoni ya Mwalimu Eunice, hata kwa kompyuta za maofisini. Ni kama ng'ombe: unachinja mmoja, wa maini anapata, wa matumbo anapata.

Lakini buchari imenyamaza, dada. Simu inalia, napima, nafunga, boda anabeba. Rafiki niliyebaki naye ni kijana wa Brazil anayenielekeza msimbo ukinishinda. Hatujawahi kuonana, na akiamka kwao, kwetu ni saa saba mchana. Asubuhi yote naongea na mizani.

Unamkumbuka Mzee Muthamia, wa nusu kilo ya nyama na kilo kumi za hadithi? Alikuwa akionja kipande cha kuchoma huku akibishana na baba mpaka adhuhuri. Sasa anaagiza kwa simu. Baba alimkuta barabarani akamuuliza, "Muthamia, nimekukosea wapi?" Mzee akacheka. "Hujanikosea, Abdilatif. Kijana wako ananiletea mpaka mlangoni, nitoke nikafanye nini?"

Wasalimie shemeji Hassan na watoto, uwaambie mjomba wao ni maarufu. Mungu awafunike huko ugenini.

Barua iliyopita nilikuambia baba alienda Siakago kwa shangazi Aminah kupumzika. Kwenda alienda, lakini si kupumzika. Lile benchi la wateja nililiona halina mtu, nikalipasua nikaunda makasha ya boda ya kubebea nyama. Baba alifika asubuhi, akaangalia pale mahali, akavua aproni akanipa, akaenda zake. Simu zangu anaziacha zilie. Mpigie wewe, yako atashika.

Nilitaka watu wasipoteze muda kukaa pale. Sikujua baba alikuwa anafungua buchari ili wakae.

Wako akupendaye, hata ukinicheka,
Swaib