Damu Kwenye Jiwe la Chumvi

Jumapili, Mei 1997. Mvua imeanza saa nane na bado inapiga mabati.

Leo sikuimba kanisani. Nilisimama na wenzangu wa kwaya, nikafungua mdomo kidogo ili mwalimu wa kwaya asinione, lakini sauti haikutoka. Nina hasira. Siyo ile ya darasani inayokwisha kengele ikigonga. Hii imelala na mimi na imeamka na mimi.

Mezani kuna fomu moja. Ninaandika hapa kwa sababu naogopa kuandika pale.

Nianze na ng'ombe. Huku kwetu juu, chai imemeza malisho yote. Baba alipanda mche wa kwanza akisema ni pembe moja tu ya shamba, nikapanda mimi, akapanda ndugu yangu, na sasa ukitoka mlangoni unakanyaga majani chai hadi barabarani. Kilichobaki ni mstari mmoja wa nepia, majani ya ng'ombe, kando ya choo. Kwa hivyo ng'ombe wangu kumi na mmoja wanaishi mbali, kule chini ukishapita Siongiroi, kwenye ranchi aliyoikodi Bwana Kirui. Mwenye ardhi yuko mjini. Kirui amekodi kwake, na sisi wengine tumekodi malisho kwa Kirui. Anayenichungia ni Arap Mutai, mzee aliyechunga na baba yangu wakiwa vijana.

Kila Jumamosi ya pili nateremka kwa baiskeli nikiwa na gunia dogo la chumvi ya ng'ombe. Kuna jiwe pana karibu na migunga mitatu, limelambwa hadi limekuwa laini kama sahani. Namwaga chumvi pale, ng'ombe wanakuja, na nyuma yao wanakuja swala pala. Mwaka wa kwanza walisimama mbali wakitunusa. Mwaka wa pili walisogea. Mwaka huu wanalamba upande mmoja, ng'ombe wangu Chelel analamba upande wa pili, na hakuna anayemshangaa mwenzake.

Dume lao tulimwita Chifu. Jina alilitoa Arap Mutai, kwa sababu yule dume anapiga kelele kutoka asubuhi hadi jioni na anawakusanya wengine wasimame mahali pamoja bila sababu. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Wiki hizi mbili Chifu alikuwa ameanza mambo yake ya msimu. Alikuwa anakoroma kwa sauti nzito ambayo huwezi kuamini imetoka kwenye shingo nyembamba vile. Madume makapera, wale wanaokaa peke yao ng'ambo ya korongo, walikuwa wanakuja kumjaribu. Pembe zinagongana, vumbi linapanda, kapera anakimbia. Arap Mutai anasema dume katika siku hizi hana macho wala masikio, unaweza kumkaribia hata umshike mkia. Ni kweli. Nimemwona akipita hatua kumi kutoka baiskeli yangu akimfukuza jike, asijue kama niko.

Sasa niseme lile ambalo sijamwambia mtu.

Wiki mbili zilizopita Bwana Kirui alikuja hapa nyumbani na wageni wawili kutoka Nakuru, watu wazima wenye buti nzuri. Alikuwa na barua. Ranchi imepewa kibali cha kupunguza swala, wamezidi nyasi. Niliisoma yote, mimi ni mwalimu, sisaini nisichosoma. Ilisema makapera peke yao. Ilisema dume mwenye kundi asiguswe, wala majike. Ilisema hakuna kupiga mnyama kwenye maji wala kwenye chumvi. Na ilitaka jirani mmoja mwenye sifa njema awe shahidi, aweke sahihi kwenye fomu kwamba kazi imefanywa kama ilivyoandikwa.

"Tukasema nani kama si Mwalimu?" Kirui akasema.

Nikavimba kichwa. Siwezi kuficha hapa. Rebecca, mke wangu, alileta kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, akatikisa, akamimina, na kwetu mgeni akishakunywa maziwa yako humnyimi neno. Wakauliza swala wanapatikana wapi. Nikawaambia. Wakauliza wanatoka saa ngapi. Nikawaambia. Mmoja wao, mwenye kofia, akasema hajawahi kukutana na mtu anayewajua wanyama namna hii, na mimi, mjinga mimi, nikachana karatasi katikati ya daftari la mtoto wa darasa la sita na kuwachorea ramani. Korongo hapa. Makapera huku, ng'ambo. Na ili ramani ipendeze, nikachora migunga mitatu na jiwe.

Rebecca alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na kibuyu mkononi. Walipoondoka alisema neno moja tu.

"Umemaliza yote?"

Nilidhani anauliza maziwa.

Jana nilifika kule saa nne asubuhi, gunia likiwa kwenye keria. Kabla ya kufika nilisikia mlio wa bunduki, kisha mwingine, kisha wa tatu. Sikuwa na wasiwasi. Nilijiambia hao ni makapera, kibali kiko. Nikaendelea kukanyaga baiskeli nikipiga mluzi. Nikikumbuka ule mluzi naona haya.

Pikapu ilikuwa imesimama kando ya migunga. Jiwe langu lilikuwa jekundu.

Chifu alikuwa amelala na shingo juu ya jiwe, ulimi nje, chumvi bado kwenye midomo. Majike wawili walikuwa wamelala kando. Yule mwenye kofia alikuwa amechuchumaa akimshika Chifu pembe zote mbili, anatabasamu, na mwenzake anapiga picha. Alimgeuza kichwa huku na huku kutafuta mwanga mzuri.

Ng'ombe wangu walikuwa wametawanyika hadi bondeni. Arap Mutai alikuwa amesimama peke yake na fimbo yake, hawakusanyi. Huyo ni mtu ambaye sijawahi kumwona amesimama ng'ombe wakitawanyika. Nikamfuata.

"Mwalimu, wameniambia peleka ngombe mbele," akasema. "Pole pole, mpaka kwa chumvi. Wao wakakuja nyuma ya Chelel, wameinama. Mimi nikafikiri wanataka kuangalia tu."

Hakunitazama usoni. Akaongeza, "Mnyama ikikaa na ngombe yako, hiyo ni mgeni ya ngombe. Baba yako alikuwa anasema hivyo. Sasa mimi nimeleta bunduki kwa mgeni na mkono yangu."

Yaani waliwatumia ng'ombe wangu kama pazia!

Wanyama walikuwa wamejifunza miaka mitatu kwamba mahali alipo Chelel pana amani, na wale watu wakajificha nyuma ya mgongo wa Chelel. Kama wangetambaa kwenye majani, wakachomwa na miiba, wakavuka korongo wakawatafuta makapera kwa jasho, ningesema hiyo ni kazi na wana kibali. Wazee wetu waliwinda kwa miguu na mbwa, mnyama akiwa na nafasi yake ya kukimbia. Hawa walitembea nyuma ya ng'ombe wa mtu hadi kwenye chumvi ya mtu, msimu ambao dume hana akili, wakampiga kwa umbali wa hatua ishirini. Halafu wanapiga picha! Ushujaa gani huo? Hata Rebecca anayeogopa panya angeweza.

Nikamwendea Kirui, aliyekuwa kando ya pikapu. Nilikuwa na maneno mengi, nimeyapanga kama somo.

"Mwalimu! Karibu nyama," akasema kabla sijafungua mdomo, na akaniwekea mkono begani. Kirui ni panya, anauma huku anapuliza. Akanipa pole kwa ng'ombe kushtuka. Akanisifu kwa ramani, mbele ya wote. "Bila Mwalimu tungezunguka mpaka jioni," akawaambia, na wale wageni wakanipigia makofi.

Makofi. Kando ya yule mnyama.

Nikageuza macho. Mchoro ulikuwa kwenye dashibodi ya pikapu, kwa mwandiko wangu, na mshale.

Kisha akatoa fomu. Ilikuwa tayari imejazwa. Madume makapera, watatu. Mahali: uwanda wa wazi, mbali na maji na chumvi. Kilichobaki ni jina la shahidi na sahihi. Akanipa kalamu. Nikamwambia nimesahau miwani nyumbani, nitasoma vizuri nikifika.

Miwani ilikuwa mfukoni mwa shati. Sidhani hakuiona.

"Hakuna haraka," akasema. "Jumatatu jioni nitapitia." Halafu, akipanda pikapu, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo: "Na ile habari ya malisho yako mwaka ujao, tutaongea hiyo hiyo Jumatatu."

Nimeelewa. Hata mtoto wa chekechea angeelewa.

Mbaya zaidi ni kwamba walinitilia paja kwenye gunia jingine na nililibeba. Nilipanda mlima wote huo nikisukuma baiskeli, chumvi ambayo sikuimwaga upande mmoja, paja la swala upande mwingine, na kila niliyekutana naye alinisalimia kwa furaha kwa sababu aliona nimebeba nyama. Sijui kwa nini sikulitupa korongoni. Nadhani niliona aibu kukataa zawadi mbele ya watu. Hilo ndilo kosa letu sisi watu wa huku, tunaweza kuibiwa na bado tukamshukuru mwizi asijisikie vibaya.

Rebecca alifungua gunia, akalifunga tena. Hakupika. Jana tulikula ugali na mboga ya sageti, na hakuna aliyeuliza.

Leo baada ya kanisa nimemweleza yote, hata ya miwani. Nilitarajia anionee huruma kidogo. Alikuwa anachambua mboga.

"Kirui ni mbaya, hiyo tunajua," akasema. "Lakini Kirui hakujua hiyo jiwe."

Nikatoka nje kukaa kwenye mvua kidogo. Mdomo uliponza kichwa, tunawafundisha watoto, wanaandika mara kumi kwa mwandiko mzuri. Mimi ndiye niliyestahili kuandika mara kumi.

Najua nikisaini itakuwaje. Hakuna atakayejua. Makapera watatu kwenye karatasi, na mwaka ujao watapewa kibali kingine, na watakuja tena kwenye jiwe kwa sababu ramani wanayo. Makapera wa kweli, wale wa ng'ambo, sasa hivi wanapigania majike wasio na mwenyewe, na wakishinda watakuja kulamba pale pale, nyuma ya Chelel, kwa imani ile ile.

Na najua nisiposaini. Ng'ombe kumi na mmoja na mstari mmoja wa nepia. Chelel ana mimba ya miezi saba. Siwezi kung'oa chai, na hata ningeng'oa, nyasi hazioti kwa wiki moja. Itabidi nimwombe shemeji kule Londiani awachukue wawili, na ndugu yangu mmoja, na waliobaki nitawakatia majani kando ya barabara kama wanafunzi wanavyokatia sungura. Labda nitauza. Kuuza ng'ombe wa baba kwa sababu ya swala! Kijiji kitanicheka hadi Krismasi. Wacha kicheke.

Saa kumi na moja sasa. Mvua imepungua, naweza kusikia jirani akiita ndama.

Nimevaa miwani. Nimechukua kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia, kwa sababu ya bluu imeisha wino na kwa sababu nyingine ambayo naijua. Penye "madume makapera, watatu" nimekata mstari na kuandika: dume wa kundi mmoja, majike wawili. Penye "uwanda wa wazi" nimekata na kuandika: kwenye jiwe la chumvi, wapigaji wakiwa nyuma ya ng'ombe. Mwandiko unasomeka.

Halafu kuna nafasi chini, mistari miwili, imeandikwa maoni ya shahidi. Hapo nilikaa muda mrefu kuliko kwingine kote.

Nimeandika: "Jiwe hilo niliwaonyesha mimi mwenyewe, kwa mchoro." Nikaweka jina langu lote, na sahihi.

Kirui hataipata karatasi hiyo Jumatatu jioni. Asubuhi nitateremka Bomet nayo mwenyewe hadi ofisi iliyotoa kibali, niiache mezani kwao, nisubiri waigonge muhuri. Mwalimu mkuu nimemwandikia barua kwamba kesho sitafika darasani, mtoto wa jirani ataipeleka. Kisha nitaendelea hadi ranchi kumwambia Arap Mutai akusanye ng'ombe. Watatembea hadi usiku. Nitatembea nao.

Rebecca amesoma fomu, pole pole, kidole chini ya kila mstari. Amechukua panga na kwenda kando ya choo, kwenye nepia, na namsikia anakata akiwa amefunika kichwa kwa gunia lile lile la jana.

Kesho usiku ng'ombe kumi na mmoja watalala katikati ya chai. Chumvi ninayo, gunia zima. Nyasi sina.