Masanja Hajakuomba Msamaha

Mzee Ndahani,

Shikamoo. Nimeiandika, kisha nikakaa nasubiri ile marahaba yako ndefu, mpaka nikajiona mjinga. Basi niendelee tu, maana nina hasira na sina wa kumwambia.

Kiwandani tuko hai. Sangara wanakuja, minofu inakatwa, barafu inamwagwa, kelele ni zile zile. Ofisi yako, tangu ulipougua, wamempa meneja mpya wa rasilimali watu, kijana msomi, mpole, amenyoosha shati. Huwezi kumchukia, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Wiki yake ya kwanza tu alituita wote kantini akatufundisha nadharia ya mahusiano ya kibinadamu. Akasimulia kile kiwanda cha Marekani ulichokuwa ukinisimulia, walikoongeza mwanga kazi ikapanda, wakapunguza mwanga kazi ikapanda pia, hadi wakagundua kwamba watu walikuwa wanafurahi kuona kuna anayewaangalia. Mzee, alieleza vizuri kuliko wewe. Ila aliishia hapo. Wewe ulikuwa unavua miwani, unaifuta kwa shati, halafu unaniambia, "Sasa Neema, ukimjali mtu ili azalishe, umemjali yeye au umejali mzigo?" Hilo halikuwemo kwenye mafunzo yake.

Sasa tuna fulana zilizoandikwa Sisi ni Familia. Tuna keki ya siku ya kuzaliwa. Tuna sanduku la maoni lenye kufuli, limetundikwa karibu na choo, na kila Ijumaa linafunguliwa halina kitu. Aliniuliza mimi, karani wake, kwa nini watu hawasemi. Nikamwambia zamani walisema kwa njia ya Masanja. Akaandika jina la Masanja pembeni, akafikiri ni kiongozi wa chama cha wafanyakazi.

Ningemwelezaje? Kwamba Msukuma wa meza ya minofu alikuwa anamsimamisha mkuu wa utumishi getini, mbele ya zamu nzima, anamuuliza leo ametoka Dodoma kuja kuomba nini? Na mkuu anamjibu kwamba Wasukuma wakiona lifti wanaipigia hodi? Mimi mwenyewe, Mjita wa watu, nilipoanza kazi nilishtuka nikadhani mtapigana. Miezi ikapita ndipo nikaelewa. Siku ile Masanja alipokupigia kelele, "Wewe Mgogo, unajikuna tumbo huko ofisini, wenzako huku mikono imekufa ganzi," watu walicheka mpaka wakashika meza. Wewe ulicheka kuliko wote. Wiki haikuisha, glavu nzito zikaja. Hakuna aliyelalamika, hakuna aliyeshitakiwa, na hakuna bosi aliyeaibika. Ungemuuliza msomi yeyote, hayo ndiyo mahusiano ya kibinadamu.

Sasa nikwambie kuhusu maziko yako, maana hukuyaona, na ndiyo yaliyoleta balaa hili.

Tulikuzika Kisesa, nyuma ya nyumba uliyoijenga. Watu walijaa. Mkeo, Mama Grace, alikuwa amekauka kabisa, siku zote za msiba hakulia wala hakula, na wanawake walianza kumwogopea. Jeneza lilipofika kaburini, Masanja akatokea amevaa koti lako la kaki na ile miwani yako ya zamani, anatembea kama wewe, tumbo mbele, mikono mgongoni. Akatukagua mstari mzima. Akamwambia mchungaji amechelewa kuingia zamu. Halafu akajilaza chini, akaziba njia ya kaburi, akasema, "Huyu Mgogo hazikwi bure kwenye ardhi ya Wasukuma. Leteni jogoo, la sivyo rudini naye kwao."

Mchungaji akasimama pembeni akasubiri, yeye ni mtu wa huku. Ndugu zako wa Dodoma wakaanza kupatana bei, huku wanamtukana Masanja. Nami nilikuwa nimemshika mkono Mama Grace, nikausikia unatetemeka. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na kilio kile ndicho tulichokuwa tunakiomba kwa Mungu. Jioni alikula.

Meneja alikuwepo, na suti nyeusi na shada la maua. Aliona mfanyakazi wa kiwanda chake amevaa nguo za marehemu, anamdhihaki, anazuia maziko. Kesho yake Masanja akasimamishwa kazi kwa kudhalilisha utu wa mwenzake kwa misingi ya kabila. Nilikimbilia ofisini. Nikaeleza utani ni nini, kwamba mtani asingefanya vile ndipo angekuwa amekutupa. Alinisikiliza kwa makini, nampa haki yake. Kisha akasema anaheshimu mila, ila kazini kila mtu ana haki ya kuheshimiwa, na hawezi kuwa na kanuni moja kwa watani na nyingine kwa wasio watani. Peke yake, lile neno si baya. Ningekuwa na wewe pale, ungevua miwani.

Mama Grace alikuja kwenye kikao cha nidhamu na nguo zake za msiba, bila kuitwa. Akasema mume wake alizikwa vizuri kwa sababu ya huyu Msukuma. Walimpa pole, wakampa maji ya chupa, wakaendelea.

Hukumu yao: Masanja arudi kazini, lakini aombe msamaha kwa marehemu na familia yake, kwa maandishi. Akikataa, kazi hana. Ana watoto watatu shuleni. Alikaa mezani kwangu ameshika kalamu, akaniambia taratibu, "Dada Neema, mtani haombwi msamaha. Nikimwomba, nimesema nilikuwa namtukana kweli. Miaka yote ile." Akasaini. Nililia chooni, Mzee, mtu mzima mimi.

Sasa getini anapita na "habari za asubuhi" yake, kichwa chini. Na wengine wameona, kwa hiyo wote wanasalimiana kwa adabu kama wageni kwenye basi. Mezani hakuna kicheko. Juzi mashine ya barafu imeharibika, kina mama wamesimama kwenye maji siku nzima, na hakuna aliyefungua mdomo. Meneja anasema malalamiko yamepungua. Amefurahi kweli, maskini, ameandika makao makuu kwamba mahusiano yameimarika.

Ile barua ya msamaha nimepewa mimi niipeleke Kisesa, Mama Grace asaini kuipokea, nirudishe nakala kwenye faili. Nimefika hadi njia panda ya Bujora, nikasimama pale kwenye jua kama niliyepotea, nikageuza. Siwezi. Kesho asubuhi nitamwambia meneja kwamba sikuipeleka na sitaipeleka, anifanye atakavyo. Huenda fulana yangu ya familia wataichukua. Masanja yeye ametimiza alichoagizwa, ameandika na ameweka saini, kwa hiyo kosa litakuwa langu na si lake. Kisha nitashuka hadi meza ya minofu, mbele ya zamu nzima, nimweleze na Masanja.

Nimekwishaichana, Mzee. Vipande viko hapa mbele yangu. Kwa hiyo lala, mzazi wangu, usiwe na wasiwasi. Neno lile halikukufikia na halitakufikia. Masanja hajakuomba msamaha.

Mwanao wa kazini,
Neema