Kiti cha Mwalimu

Jumamosi, 4 Mei

Nimenunua! Gari dogo, milango minne, buti kubwa, rangi ya maziwa iliyochoka. La zamani kuliko ndoa yangu – na limedumu kuliko ndoa yangu. Fundi wa magari kaingia chini yake, kasikiliza injini, katoka anacheka. Eti injini ngumu hii, dada, spea ziko kila kona, gari hili litatuzika sote.

Muuzaji ni mjane. Marehemu mumewe alikuwa mwalimu wa udereva, na gari ndilo hili alilofundishia. Upande wa abiria bado kulikuwa na pedali yake ya breki. Nikamwambia fundi aing'oe palepale. Nina leseni mimi, sijifunzi! Mjane akaniangalia. Akasema mumewe hakuwa mtu wa kelele, alikuwa akigonga dashibodi kwa pete yake. Moja, punguza. Mbili, simama. Tatu, shuka, nipishe nishike mwenyewe.

Sikuuliza alikufaje. Bei ilikuwa nzuri mno, nikaogopa maswali yasije yakaiharibu.

Jumapili, 5 Mei

Mama kalizunguka gari, kalipiga kofi kwenye buti kama anayenunua ng'ombe. Kasema sasa atakwenda hospitali kama mke wa waziri. Kila Jumanne na Ijumaa anasafishwa damu. Figo zimegoma. Akikosa siku moja anavimba, pumzi inakata. Jirani aliyekuwa akitupeleka kahama. Basi ndiyo maana ya gari, si maringo. Haya, maringo kidogo yapo.

Nimeshona vitambaa vipya vya viti. Fundi cherehani hawezi kukalia matambara.

Jumanne, 7 Mei

Naandika kwenye benchi la hospitali, mama yuko kwenye mashine. Alikaa kiti cha nyuma, kanyoosha miguu. Tulipokaribia soko – ko! Mlio mmoja, wa chuma, kwenye dashibodi. Nikapunguza mwendo hata kabla sijafikiri. Pikipiki ikakatiza mbele yetu kama mshale. Mama akauliza nini hicho. Nikamwambia plastiki imelegea.

Keshokutwa nalirudisha kwa fundi.

Alhamisi, 9 Mei

Fundi kafungua dashibodi yote. Hakuna kilicholegea. Kasema labda panya, kacheka peke yake.

Halafu kitambaa cha kiti cha abiria kimebonyea. Nilikipima mwenyewe, nikakikaza kama ngoma. Hakuna aliyekalia kile kiti tangu ninunue gari. Nimekikaza upya.

Ijumaa, 10 Mei

Kimebonyea tena.

Njiani – ko, ko. Nikasimama katikati ya barabara! Nikangoja. Hakikupita kitu. Hata kuku. Honi nyuma, dereva wa lori kanitukana mimi na ukoo wangu wote. Nikapandwa na hasira. Mume aliniamrisha miaka mingi, nikamwacha – leo niamrishwe na kiti? Nikasema kwa sauti: Mwalimu, leseni ninayo, niache niendeshe! Mama nyuma akauliza naongea na nani. Na simu, mama. Simu ilikuwa mkobani, na mkoba alikuwa ameupakata yeye.

Kimya mpaka hospitali. Hicho kimya kimenitisha kuliko mlio.

Jumapili, 12 Mei

Nimekwenda kwa mjane. Safari hii nikauliza. Kajibu mlangoni, hakunikaribisha ndani. Mwanafunzi wake wa mwisho alikuwa mwanamke, mtu mzima, mkaidi. Siku hiyo mumewe alimgongea tatu. Hakushuka. Eti barabara ilikuwa tupu, aliona nini huyo mzee? Mwanamke alipona, ndiye aliyesimulia. Gari lilinyooshwa likarudi barabarani. Mwalimu hakurudi.

Nikamwomba alichukue gari lake. Akasema pole, dada. Akafunga mlango taratibu, kama watu wanavyofunga palipo na mgonjwa.

Naogopa. Lakini keshokutwa ni Jumanne, na sina gari jingine.

Jumanne, 14 Mei

Mama kaamka kavimba uso. Ijumaa walimtoa mashine kabla ya muda, umeme ulikatika. Kasema nyuma anakosa hewa, atakaa mbele. Nikakataa. Kasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kajipakia mwenyewe mbele. Nikamfunga mkanda. Akasinzia kabla hatujatoka mtaani.

Sasa tumesimama pembeni, baada ya daraja. Ukuta wa hospitali nauona kutoka hapa. Iligongwa moja, nikapunguza. Zikagongwa mbili, nikasimama. Barabara ni tupu, jua linawaka, hakuna kitu. Tukichelewa mashine anapewa mgonjwa mwingine. Naandika kwa sababu sijui mikono niifanyie nini.

Nimetazama pembeni. Mama kalala, mdomo wazi, anapumua kwa shida. Ila mkono wake umenyooka mpaka kwenye dashibodi. Kidole kimoja kinapanda, kinashuka. Mlio wa chuma – na mama hana pete! Pete yake tuliikata vidole vilipovimba, iko kabatini kwangu.

Nimemwita. Haamki. Nimetia gia, nimeachia breki –

Ko. Ko. Ko.

Nimezima injini. Mama! Mama kafungua macho. Hanitazami mimi, anatazama barabara. Mama ambaye hajawahi kushika usukani maishani, ambaye tangu nizaliwe ananiita mwanangu tu. Kasema kwa upole, bila kelele: shuka, dada, nipishe.

Akishika yeye, nani anashika? Nikikataa –

Mkono mmoja unaandika. Mwingine uko kwenye kitasa cha mlango.